UZI: Kibandameno ya Msabaha imegeuka chungu. Ni ukame, ni mbegu au ni udongo?

#1 Mkulima_Msabaha
Wadau salaam. Kuna shamba la ekari moja hapa Msabaha, Malindi, limepandwa kibandameno, ule muhogo mtamu, kwa miaka mingi, vijiti vikikatwa humo humo. Muhogo wake ulikuwa wa kutafuna mbichi. Mvua za vuli zilikuja haba, masika yakakatika mapema, na sasa mizizi ya miezi 14 ni michungu. Uchungu uko zaidi upande wa juu kwenye mchanga mweupe. Bondeni muhogo bado mtamu. Mashina na majani yanafanana. Nataka kujua mambo mawili: kimesababisha nini, na unalika au hauliki? Familia nzima inategemea hilo shamba, kwa hiyo "tupa wote" si jibu.

#2 Napita_Tu
Nakunja jamvi hapa nasubiri wataalamu. Ila kwetu muhogo mchungu hupewa mbuzi wa jirani.

#3 Daktari_Ngombe
#2, utamlipa jirani mbuzi wake. Wanyama wanaocheua ndio wa kwanza kuanguka kwa sumu ya muhogo mchungu, kwa sababu vijidudu vya tumboni mwao huivunja haraka na kutoa sianidi hapo hapo. Majani mabichi na maganda ndiyo hatari zaidi. Anayetaka kulisha maganda ayakatekate, ayatandaze juani kwenye turubai siku mbili tatu, akiyageuza, mpaka yakauke kabisa. Kisha aanze kwa kiasi kidogo, tena baada ya mnyama kula nyasi. Mbuzi mwenye njaa akifunguliwa kwenye majani mabichi ya muhogo, unaweza kumkuta ameanguka kabla hujamaliza chai.

#4 Mwanakemia
Nianze na kinachotokea ndani ya muhogo wenyewe, maana bila hicho mtabishana mpaka Idi.

Muhogo hauna sianidi iliyokaa tayari kwa wingi. Una linamarini, na kidogo lotaustralini. Hizi ni sukari zilizoshikana na kiini cha sumu, na zimehifadhiwa katika vifuko vya ndani ya seli. Kimeng'enya cha kuzivunja, linamarasi, kimewekwa kwenye kuta za seli. Muhogo ukiwa mzima havikutani. Ukiukwaruza, ukiutwanga au ukiulowesha mpaka ukalainika, seli hupasuka na viwili hivyo hukutana. Linamarini huvunjika ikawa asitoni sianohidrini, na hiyo nayo huachia hewa ya sianidi, ambayo huchemka kwenye nyuzi 26 za Selsiasi. Kwa joto la Malindi hewa hiyo hupaa yenyewe.

Kwa hiyo kinachotusumbua jikoni ni ile linamarini iliyobaki haijavunjwa, kuliko sianidi ambayo imeshatoka. Moto hauivunji kirahisi, ila unakiua kimeng'enya mapema. Ukitumbukiza kipande kikubwa kwenye maji yanayotokota umemuua mfanyakazi kabla hajaanza kazi. Linamarini inayobaki itatoka tu kwa kuyeyukia majini.

Muhogo unaoitwa mtamu kwa kipimo cha kimataifa ni ule wenye chini ya miligramu 50 za sianidi kwa kilo moja ya muhogo mbichi. Kwa unga kikomo ni miligramu 10 kwa kilo.

#5 Bwana_Shamba
Mleta uzi, jibu la kwanza ni ukame. Muhogo ukikosa maji huongeza hizo linamarini, na mbegu ileile tamu inaweza kupanda mara mbili tatu. Mchanga mweupe wa juu haushiki maji, bondeni unyevu upo. Ramani ya shamba lako inajieleza.

Mvua zikirudi usikimbilie kuvuna. Mmea hunyonya wanga wa mizizini ili utoe majani mapya, na ukivuna wakati huo unapata muhogo wa maji, mgumu, usiopikika. Acha majani yakomae kwanza.

#6 Pingili
Bwana_Shamba, ukame peke yake haujaniridhisha. Miaka mingi pamoja, hakuna mbolea, vijiti vinakatwa hapo hapo na mashina yanachomwa au kutupwa. Muhogo hubeba potasiamu nyingi kila mavuno, na mchanga mweupe hauna akiba. Potasiamu ikipungua sianidi hupanda. Mbolea ya naitrojeni ikizidi peke yake nayo huipandisha. Tazama majani ya chini: yakiwa manjano kingoni halafu kingo zikaungua, huo ni upungufu wa potasiamu. Majivu ya jikoni yanasaidia. Zungushia kila shina konzi mbili, sentimita 20 mbali na shina, kabla ya mvua, kisha fukia. Samadi ya mbuzi iliyoiva pia. Ila tusidanganyane, hutaonja tofauti msimu huu.

#7 Mzee_wa_Gede
Mnazungumza mambo makubwa na mti hamjauliza. Kuna mwarobaini huko juu? Muhogo ukikaribiana na mizizi ya mwarobaini hunyonya uchungu. Hili linajulikana tangu zamani.

#8 Napita_Tu
Mzee wetu, basi mnazi ulio karibu na mwarobaini utoe dafu chungu. Hapa Malindi tungekuwa tumeacha madafu zamani.

#9 Pingili
#7, shikamoo mzee. Mwarobaini unahusika kwa njia nyingine: mizizi yake hugombea maji na muhogo. Ukiona mihogo ya chini ya mwarobaini ni michungu, huenda ni kiu yake, uchungu wa mti haujahamia popote.

#10 Mzee_wa_Gede
Marahaba. Kwa hiyo nimesema kweli.

#11 Mbegu_Safi
Hamjagusa linalotokea mara nyingi kuliko yote: mbegu imechanganyika. Mashamba ya Magarini na Ganda watu hupeana vijiti wakati wa upungufu, na mashina yasiyo na majani yakishafungwa mzigo hakuna anayejua ni yapi. Zaidi ya hapo kuna muhogo ulioota kwa mbegu halisi, ile ya kwenye tunda. Muhogo wa mbegu haufuati mama yake. Unaweza kutoka mtamu au mchungu kupindukia, na majani yake yakafanana na ya majirani. Mtu akija kukata vijiti anaukata na wenyewe, msimu unaofuata una mashina kumi ya aina hiyo.

Namna ya kuutambua: fukua chini ya shina. Uliopandwa kwa kijiti utakuta kipande cha kijiti cha zamani na mizizi imetoka pembeni yake. Ulioota kwa mbegu hauna kijiti, una mzizi mkuu ulioshuka wima. Kwa ile michanganyiko ya kawaida linganisha rangi ya vikonyo vya majani, rangi ya majani machanga ya kileleni, na ngozi ya ndani ya mzizi baada ya kukwaruza ganda la nje kwa kucha. Fanya asubuhi, jua la saa saba linadanganya rangi.

#12 Mkulima_Msabaha
Asanteni. Mwarobaini upo mmoja, kwenye mpaka. Nimesahau kusema pia kwamba baadhi ya mizizi ya juu ina madoa ya kahawia ndani, makavu kama kizibo.

#13 Bwana_Shamba
Hayo madoa ni ugonjwa wa michirizi kahawia. Kibandameno ni dhaifu sana kwa ugonjwa huo na hapa pwani umeenea. Nzi weupe huusambaza, na vijiti vilivyoambukizwa huusafirisha. Kata sehemu iliyooza utupe; lakini kijiti cha shina hilo usipande tena.

#14 Pingili
Basi huenda uchungu anaoulalamikia ni wa hayo madoa. Mzizi wenye kuoza una ladha mbaya hata sianidi ikiwa kidogo.

#15 Mbegu_Safi
Kasema "baadhi". Ile isiyo na madoa je, ni mitamu? Hilo ndilo swali.

#16 Mwanakemia
Na tusifanye uchungu na sianidi kuwa kitu kimoja. Linamarini ni chungu yenyewe, na kwa kawaida muhogo mchungu zaidi una sumu zaidi, lakini kuna viungo vingine visivyo na sianidi vinavyotia uchungu. Sukari nayo inaweza kuuficha. Ulimi ni kipimo cha onyo, kwa upande mmoja tu: ukisema chungu, usibishe, ukisema tamu, bado pika inavyopaswa.

Kuna mwingine ataniletea mistari ya buluu na nyeusi inayotokea siku mbili baada ya kuvuna. Hiyo haihusiani na sianidi. Ni mzizi uliojeruhiwa ukaingiwa na hewa, ladha inaharibika, basi.

#17 Bi_Shela (Lamu)
Nyote mmekaa shambani, sufuria hamjaiteleka. Hapa Amu muhogo wa nazi ni futari, na kosa ni lilelile kila Ramadhani: mtu ana haraka, anatia muhogo mbichi moja kwa moja kwenye tui. Kama alivyosema Mwanakemia, linamarini hutoka kwa kuyeyukia majini. Sasa mai yenyewe ni tui, na tui twalinywa lote. Hakuna kilichotoka.

Ndia yake ni hii. Menya ganda lote mawili, la nje la kahawia na lile nene jeupe au la pinki chini yake. Usikwangue juu juu. Kata vipande vidogo, unene wa vidole viwili, pasua katikati utoe uti. Loweka saa chache ukipata nafasi. Teleka na mai mengi ya baridi, muhogo uelee, sufuria wazi bila mfuniko. Uanze na baridi ili kile kimeng'enya kipate muda kabla mai hayajawa moto. Ukitokota dakika kumi na tano, mwaga mai yote. Tia mai mengine, upike uive, mwaga tena. Hapo ndipo tui jepesi, pilipili mbichi, bizari ukipenda, chumvi. Tui zito mwisho. Muhogo hautavurugika ukikoroga kwa kutikisa sufuria badala ya mwiko.

Mai ya muhogo usiyafanye supu wala usimpe kuku.

#18 Napita_Tu
Bi Shela, na uti wa katikati? Tumeambiwa sumu yote imo humo.

#19 Bi_Shela (Lamu)
Uti hutolewa kwa kuwa ni kuni. Sumu iko zaidi kwenye ganda.

#20 Fundi_Kachri
Mafuta ya moto yanaua kila kitu. Kachri hazina shida.

#21 Mwanakemia
#20, hapana, na hili ni muhimu kwa sababu kachri za muhogo zinaliwa na watoto. Mafuta ya nyuzi 170 yanakausha kipande ndani ya dakika mbili tatu. Kimeng'enya kinakufa, linamarini inabaki, maji yanaondoka. Muhogo mbichi zaidi ya nusu yake ni maji. Kilo moja iliyomenywa hukupa chini ya nusu kilo ya kachri, kwa hiyo kilichobaki kimejikusanya. Muhogo wa miligramu 50 kwa kilo unaweza kukupa kachri zenye zaidi ya 100 usipofanya kitu kabla ya kukaanga. Australia waliweka kikomo cha miligramu 10 kwa kilo kwa kachri za muhogo zilizo tayari kuliwa, baada ya kukuta bidhaa zilizozidi sana.

#22 Fundi_Kachri
Sawa, ila hakuna anayekaanga bila kuloweka. Utaratibu wa kawaida: menya, osha, piga kwenye mashine ya kukatia unene wa milimita moja na nusu, tumbukiza ndoo ya maji, badilisha maji mpaka yaache kuwa meupe, chuja, pangusa, kaanga. Wengine hutokosa dakika tano kwanza ndipo wakaange. Kachri zinakuwa laini zaidi na hazinywi mafuta sana. Uchungu wa kachri huja kwa mafuta yaliyochoka na kwa muhogo uliolala siku tatu.

#23 Mwanakemia
Hapo umesema. Kukata kwembamba kunapasua seli, maji yanabeba. Loweka angalau saa kadhaa, dakika kumi hazitoshi. Na muhogo wa #1 usiingie kwenye kachri kabisa.

#24 Mtanga_Halisi
Habari za huko, majirani. Sisi muhogo mchungu ndio wa ugali. Mnautupa kwa nini? Menya, katakata, anika makopa, twanga, chekecha, songa.

#25 Mwanakemia
Karibu Mtanga. Kuanika juani peke yake ndiyo njia dhaifu kuliko zote. Kinyume na unavyotarajia, vipande vyembamba vinavyokauka upesi hubakiza sumu nyingi kuliko vinene vinavyokauka polepole, kwa sababu kimeng'enya kinahitaji unyevu. Unyevu ukiisha kazi imesimama, na linamarini iliyobaki inalala ndani ya kopa ikikusubiri.

#26 Bwana_Shamba
Usiwaambie watu waanike vinene hivi hivi! Kopa nene katika unyevunyevu wa pwani huota ukungu, na ukungu una sumu zake, sumukuvu. Utakimbia simba uingie kwa chui.

#27 Mwanakemia
Sijasema waanike vinene. Nasema kuanika siyo kuondoa sumu. Kwa muhogo mchungu fanya mojawapo kati ya haya kabla ya kuanika.

Kuvundika majini: menya, kata vipande vikubwa, zamisha kwenye pipa au dimbwi siku tatu mpaka nne, mpaka vikibonyezwa kwa kidole vinabonyea. Nyuzi zinatoka kwa mkono. Osha, kamua, vunjavunja, anika kwenye jamvi lililoinuliwa. Njia hii huondoa karibu yote. Kosa la kawaida ni kutoa siku ya pili kwa sababu ya harufu au njaa; katikati bado kugumu, na huko kimeng'enya hakijafika.

Kukwaruza: paruza muhogo mbichi kwa greta, jaza guniani, weka mawe juu ukamuke, siku mbili tatu, kisha kaanga kwenye kikaango kikavu ukikoroga. Waafrika Magharibi huita gari. Hapa kuna jambo: uchachu ukipanda, ile asitoni sianohidrini haivunjiki kirahisi, inatulia. Ndiyo maana kukamua maji na kukaanga ni lazima. Kuchachuka peke yake hakumalizi. Kwa sababu hiyo hiyo msikamulie ndimu kwenye muhogo mbichi uliokwaruzwa mkidhani mnasafisha. Ndimu na pilipili juu ya muhogo uliochomwa ni suala la ulimi tu, endeleeni.

#28 Bi_Shela (Lamu)
Pipa la mai siku nne, Lamu hii? Visima vyetu mwavijua.

#29 Mtanga_Halisi
Bi Shela, ipo njia ya maji kidogo, ya kulowesha unga. Ilifundishwa Tanzania, Msumbiji na Kongo, na aliyeitengeneza ni Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia.

Chukua unga mkavu wa muhogo, tia kwenye beseni, sawazisha, weka alama ukutani mwa beseni pale unga ulipofika. Ongeza maji ukichanganya. Mwanzo unga utashuka chini ya alama, halafu utapanda. Ukirudi kwenye alama, acha, maji yametosha. Tandaza kwenye mkeka au sinia, unene usizidi sentimita moja. Juani saa mbili, kivulini saa tano. Baada ya hapo songa ugali siku hiyo hiyo kwa maji yanayochemka. Sumu hupungua mara tatu mpaka sita. Ukilundika nene kama unga wa mkate, hewa haitoki. Na uusonge siku hiyo, unga ulio na maji haulali.

#30 Mwanakemia
Safi kabisa. Niongeze: hiyo ni hatua ya nyongeza. Unga wa miligramu 100 ukigawanya kwa tatu bado ni 33, na kikomo ni 10.

#31 Muuguzi_Mambrui
Naomba tuseme kinachotokea kwa mtu. Sianidi huziba kimeng'enya cha mwisho cha kupumua ndani ya seli; oksijeni ipo kwenye damu lakini seli haziwezi kuitumia. Huanza ndani ya saa chache baada ya kula: kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, tumbo, pumzi ya haraka, udhaifu, ikizidi, kuchanganyikiwa, degedege, kupoteza fahamu. Watu kadhaa waliokula sufuria moja wakianza kutapika pamoja, usingoje. Kimbiza hospitali, beba na mabaki ya chakula. Dawa zipo, haidroksokobalamini na sodiamu thayosalfeti, na hata pasipo hizo oksijeni na uangalizi huokoa.

Kasese, Uganda, Septemba 2017, watu 98 waliugua na 2 wakafa kwa ugali wa unga wa muhogo; ilianzia kwenye mlo wa mazishini. Unga uliopimwa ulikuwa na wastani wa miligramu 88 kwa kilo.

#32 Napita_Tu
Na maziwa? Sukari? Wazee husema mpe maji ya sukari.

#33 Muuguzi_Mambrui
Visikucheleweshe njiani. Aliyepoteza fahamu hapewi kitu mdomoni, atakabwa.

#34 Msomaji_wa_Jilore
Kule Ufilipino mwaka 2005 watoto 27 walikufa shuleni kwa vitafunio vya muhogo. Kwa hiyo hata kukaanga...

#35 Mwanakemia
#34, ule mfano uondoe. Mabini, kisiwa cha Bohol. Mwanzo walisema sianidi ya muhogo, maabara ikakuta dawa ya kuua wadudu. Unafaa kama onyo la jikoni: dawa za shamba zisikae karibu na unga.

#36 Msomaji_wa_Jilore
Sawa. Basi hesabu. Dozi ya kuua inatajwa kuwa miligramu 0.5 mpaka 3.5 kwa kila kilo ya mwili. Mtoto wa kilo 15, kwa kiwango cha chini, ni miligramu 7.5. Muhogo wa miligramu 50 kwa kilo: gramu 150 mbichi zinatosha. Muhogo mchungu wa 200: chini ya gramu 40! Kipande cha kidole.

#37 Mwanakemia
Hesabu ni sawa, tafsiri iwe ya tahadhari. Hiyo ni kama linamarini yote inageuka sianidi mwilini kwa mara moja. Sehemu yake hupita na kutoka kwenye mkojo ikiwa nzima, na mwili hugeuza sianidi kuwa thayosianeti kidogo kidogo. Lakini ndiyo sababu mtoto asipewe muhogo mbichi autafune akicheza, hata uwe mtamu.

#38 Muuguzi_Mambrui
Na huko kugeuza kunahitaji salfa, inayotoka kwenye protini. Mlo wa muhogo mtupu kwa wiki na wiki, bila samaki, maharagwe wala yai, ndio unaoleta konzo: miguu hukakamaa na kupooza ghafla, wala haiponi. Daktari Trolli aliieleza Kongo mwaka 1938. Nampula, Msumbiji, mwaka 1981 waligonjeka zaidi ya 1,100, wengi wanawake na watoto, wakati wa ukame. Tarime, Tanzania, konzo iliingia 1985. Kila mara ni mambo yaleyale: ukame umeongeza sumu, njaa imefupisha siku za kuvundika, na kitoweo hakuna. Thayosianeti nayo hugombana na madini joto, ndipo rovu hutokea.

Mleta uzi, kama muhogo ni wa kila siku, dagaa au kunde viwe vya kila siku pia.

#39 Bi_Shela (Lamu)
Na kisamvu? Hakuna aliyekitaja.

#40 Mtanga_Halisi
Majani yana sianidi nyingi kuliko mzizi, mara kadhaa. Yanaokolewa na kinu. Chuma machanga, ondoa vikonyo, twanga mpaka yawe laini kabisa, dakika kumi za kutwanga kwa nguvu, yaache yametandazwa saa moja mbili, osha kwa maji mara mbili ukikamua, kisha chemsha wazi nusu saa. Ndipo nazi na karanga. Anayekatakata kwa kisu na kutia sufuriani ana seli nzima tele.

#41 Binti_Mokowe
Natoka nje ya mada kidogo. Kuna watu wanauza mtandaoni mbegu za ndani ya aprikoti, "vitamini B17", wanasema zinatibu saratani. Nazo ni kama kungu zetu?

#42 Mwanakemia
Hakuna vitamini ya namna hiyo. Hiyo ni amigdalini, yenye sianidi kama hii tunayoijadili, na haijathibitika kutibu saratani. Mamlaka ya chakula ya Ulaya ilisema mwaka 2016 kwamba mtu mzima akizidisha mbegu tatu ndogo kwa mlo mmoja anaweza kuvuka kiwango salama. Mtoto mdogo, hata moja. Lozi chungu zina kitu hicho hicho. Lozi za dukani ni tamu, hazina shida.

Kungu hazimo. Mkungu ni wa ukoo mwingine kabisa, hauhusiani na lozi ingawa tunda linafanana. Kuleni kungu zenu.

#43 Daktari_Ngombe
Tukiwa nje ya mada: mtama. Punje kavu haina tatizo, lakini machipukizi yana dhurini, nayo hutoa sianidi kama linamarini. Mtama mchanga, au unaochipua upya baada ya kukatwa au ukame, usifungulie ng'ombe kabla haujafika kimo cha nusu mita na zaidi. Na wanaotengeneza kimea cha uji wa watoto: kikishaota na kukauka, sugueni mpaka vichipukizi na mizizi vitoke, mpepete, ndipo msage. Sumu imo kwenye hivyo vichipukizi.

#44 Pingili
Na maharage ya lima, yale mapana bapa. Ya rangi, ya porini, huwa na sianidi nyingi sana. Meupe ya kulimwa ni kidogo. Loweka usiku, mwaga, chemsha wazi, mwaga. Msiyasage mabichi.

#45 Mkulima_Msabaha
Nimefukua. Mashina kumi ya juu: manane yana kijiti cha zamani, mawili yana mzizi wa wima. Yote kumi ni machungu. Yasiyo na madoa ni machungu pia. Majani ya chini yameungua kingo.

#46 Mbegu_Safi
Mawili ya mbegu! Nilisema.

#47 Pingili
Kingo zimeungua! Potasiamu hiyo.

#48 Bwana_Shamba
Ukame nao huunguza majani. Na mashina manane ya kijiti, machungu yote, yanaua hoja ya mbegu.

#49 Mbegu_Safi
Hayaui. Vijiti hivyo manane vilikatwa wapi? Kama vilitoka kwa shina la mbegu la miaka iliyopita, ni uzao wake.

#50 Mwanakemia
Mnaweza kuamua kwa jembe. Kata vijiti 20 vya juu na 20 vya bondeni, visiwe na madoa. Panda kumi kumi kila upande, vimechanganywa mstari kwa mstari, vimewekwa alama. Vya juu vikitoa utamu bondeni, ni udongo au maji. Vikibaki vichungu bondeni, ni mbegu. Upande wa juu, nusu ya mistari ipate majivu, ndipo mtatenganisha potasiamu na kiu. Mnaonja baada ya miezi 12: kipande cha ukucha, tafuna, tema.

Kipimo cha haraka cha sianidi, cha karatasi ya pikreti, kipo. Gramu 0.1 ya unga kwenye kichupa pamoja na karatasi yenye kimeng'enya na karatasi ya njano, funga usiku kucha, asubuhi linganisha rangi, njano kwenda kahawia. Nunua kilichotengenezwa tayari, usichanganye mwenyewe. Asidi ya pikriki ikikauka hulipuka.

#51 Mzee_wa_Gede
Na mistari miwili iwe karibu na mwarobaini.

#52 Mkulima_Msabaha
Itakuwepo, mzee. Mavuno ya sasa ya juu yanaingia pipani siku nne, ya bondeni yanachemshwa maji mara mbili. Mwenye vijiti safi vya Tajirika au Shibe, zile mbegu za kituo cha utafiti cha Mtwapa, ni nani? Nahitaji vya nusu ekari.

#53 Mbegu_Safi
Nusu ekari kwa mita moja kwa moja ni vijiti 2,000. Chukua vya katikati ya shina, sentimita 20 mpaka 30, vifundo vitano na zaidi, utomvu utoke ukikata. Ukikata ukakuta kiini kikavu, acha. Ingia Mtwapa kituoni mwenyewe uulize na kiwango cha sianidi cha kila mbegu kabla ya kulipa. Usinunue barabarani.

#54 Napita_Tu
Na yule mbuzi wa jirani, bado anasubiri maganda. Siku mbili au tatu juani, daktari?

#55 Daktari_Ngombe
Mpaka yavunjike kwa mkono. Mvua ikinyeshea, anza upya.